Jicho la Bundi

"Silifumbui," alisema Verna Tolliver. "Ukitaka bundi mwenye macho mawili, katafute fundi mwingine."

"Bi Verna, muda hakuna. Kikosi kinavunjwa Ijumaa," alisema Luteni Prewitt. "Nahitaji nembo mia mbili."

"Nembo utapata. Za jicho moja."

Luteni alikaa kwenye kigoda, kikayumba. Sakafu ya kile chumba cha kushonea ilikuwa na mabonde. Zamani palikuwa banda la gari. Verna alimwaga saruji mwenyewe mwezi uleule aliofiwa na mume, akaweka cherehani yake katikati. Miaka arobaini na minne hajaisogeza.

Prewitt ndiye aliyepewa kazi ya kuandika historia ya kikosi, kikosi cha ndege za jeshi la majini za kuwinda nyambizi, hapa Norfolk. Nembo yake ni bundi aliyebeba taa mdomoni. Mpaka Machi 1968 bundi huyo alikuwa na macho mawili. Kisha asubuhi moja ya ukungu ndege ya watu wanne iliruka, haikurudi. Mkuu wa kikosi akaamuru jicho la kushoto lifumbwe hadi siku wote wanne watakapopatikana. Verna, mjane wa Dale, fundi wa rada wa ndege ile, ndiye aliyelishona lile la kwanza. Wageni hudhani bundi anakonyeza.

"Lakini wamepatikana," alisema Prewitt. "Meli ya uvuvi ilinasa bawa, wapiga mbizi wakashuka. Rubani, msaidizi wake, na Hadley wa kiti cha nyuma. Wote bado kwenye viti vyao."

"Hao watatu. Na Dale?"

"Kiti chake kitupu. Bahari ilimchukua, pole sana. Ila alikuwemo, hilo halina shaka. Mikanda yake ilikuwa imefungwa."

Verna alikata uzi kwa meno. "Wewe unaruka na ndege?"

"Mimi? Mimi ni mtu wa ofisini."

"Nimeona."

Aliendelea kushona. Kidole chake cha pete kilikuwa kimepinda. Watu walipouliza, alisema kiligongwa na mlango.

"Kwenye historia yako umeandika Dale alichelewa kazini mara ngapi?" aliuliza.

"Rekodi zinasema hakuchelewa hata siku moja. Hata safari ile jina lake lina alama, yupo."

"Wenzake walikuwa watu wema."

Prewitt alivua kofia, akaiweka magotini. "Sijiombei mimi. Yule dada yake rubani, Bi Imogene Strand, ana miaka tisini na moja, yuko hospitali. Ameomba kitu kimoja tu, aone jicho limefumbuka kabla hajafa. Daktari hampi hata wiki."

Cherehani ilinyamaza.

"Imogene huniletea keki ya limau kila Machi," alisema Verna. "Tunakaa hapahapa. Analia, mimi namshika mkono."

"Basi mfanyie hili. Watatu wanatosha. Nani atahesabu?"

"Mimi nitahesabu. Amri ilisema wanne."

"Huyo wa nne hapatikani tena, mama. Ukiendelea kumngoja wako, yule bibi atakufa akingoja wake. Utaweza kubeba hilo?"

Verna aliitazama bendera aliyopewa na jeshi alipofiwa na mume, iliyokunjwa pembetatu juu ya rafu. Kisha akachukua nembo moja, akaanza kufumua jicho la kushoto, uzi kwa uzi. Aliingiza uzi wa manjano kwenye sindano. Alishona polepole, bila kuinua kichwa, na alipomaliza bundi alikuwa ametoa macho yote mawili, kama anayeshangaa.

Akamkabidhi Prewitt.

"Mpelekee leo. Mwambie wamepatikana wote."

"Watatu, nitamweleza vizuri. Asante, Bi Verna. Najua si rahisi kukubali."

"Sijakubali. Nimesema wote."

Aliinuka. Aliegemeza bega kwenye cherehani, akasukuma. Miguu yake ya chuma ilikwaruza. Prewitt akaruka kumsaidia, wakaisogeza pamoja hadi ukutani. Pale ilipokuwa, saruji ilikuwa nyeusi zaidi, kipande kirefu kama mlango.

Verna alitoa nyundo kubwa nyuma ya kabati.

"Kiti kisicho na mtu ndicho hufungwa mikanda kabla ya kuruka, kijana, ili vyuma visigongegonge njiani," alisema. "Alama ile walimwekea wenzake, kama kawaida yao. Siku ile Dale hakutoka nyumbani."

Akainua nyundo, akaanza kuvunja sakafu.