Unywele Mmoja wa Mjusi

Hebu mtazame mjusi ukutani, na buibui amefunga uzi kwenye unywele mmoja kati ya maelfu ya nywele ndogo mno zilizo kwenye wayo wa mjusi, zinazomshikiza ukutani. Buibui, mpenda kupima, akavuta polepole, unywele ukabanduka ukutani.

"Jirani, huu haubebi hata sisimizi," akacheka.

Mjusi akaogopa kuanguka, akapaka nyayo ulimbo, akanata barabara. Mara paka akaruka. Mjusi akataka kukimbia, nyayo zikagoma. Paka akaondoka na mkia wa mjusi.

"Haya, sasa pima unywele wenye ulimbo," mjusi akasema kwa uchungu.

Buibui akavuta mpaka uzi ukakatika, unywele usibanduke. "Nisamehe, jirani. Nywele zako zikiungana zinakushika. Zikibanduka moja moja zinakuacha ukimbie."

Mwanangu, ukimwona mjusi anakimbia darini, kumbuka unywele ule uliobanduka kirahisi.