Namba Moja, Simu Mbili

"Basi niambie ni nani. Au niambie nimejiuza mwenyewe."

"Sijui ni nani, bosi. Najua si mimi."

"Bei ya zabuni nilikuwa nayo kichwani. Nikamtajia mtu mmoja tu, kwa simu, na wewe ndiye uliyeniunganishia. Kesho yake wenzetu wakapeleka bei iliyo chini ya yetu kidogo tu. Kidogo hivi, kama waliichungulia. Na si mara ya kwanza. Wahenga walisema kikulacho..."

"Wahenga hawakuwa na mapokezi."

Siku nyingine bosi angecheka. Leo alisimama tu mbele ya meza ya mapokezi, funguo za gari zinamning'inia kidoleni. Nyuma ya meza dada wa mapokezi alikaa wima kama kapigiliwa misumari kwenye kiti. Alianza kazi pale huyu bosi akiwa bado anakuja na sare za shule kumwomba baba yake nauli. Leo mtoto yule yule anamwita msaliti.

"Kusanya vitu vyako. Polisi siiti, kwa heshima ya marehemu mzee. Lakini popote utakapoomba kazi wakiniuliza, nitawaambia ulichofanya."

Hapo ndipo palipomchoma. Kazi zinapatikana. Jina likishaoza, limeoza.

"Mwite fundi kwanza," akasema. "Mfumo wa simu kaufunga yeye. Kama kuna mahali panavuja, ataona. Akisema ni safi, naondoka kwa miguu yangu."

"Fundi ni mdogo wako."

"Ndiyo maana namtaka yeye. Hawezi kuniacha nife na yeye anaangalia."

Fundi wanamwita Waya, tangu utotoni, kwa kuchokonoa redio za watu. Mama yao alifariki Waya akiwa bado anatambaa. Dada ndiye aliyembeba mgongoni, akampeleka kusomea ufundi, na mwisho akamwombea kazi hii kwa bosi. Zamani mteja akipiga simu ya ofisini, bosi yuko barabarani, mteja kapotea. Waya akaja akaiunganisha simu ya mezani na ya mkononi, zikawa namba moja. Ikipigwa zinaita zote. Bosi anapokea ya mkononi akiwa garini, akifika anaendelea na ya mezani, mteja hata hajui.

"Ni kama zile nyumba za zamani, laini moja simu mbili," Waya aliwaeleza siku ile. "Ukiinua ya chumbani, unamsikia anayeongea sebuleni. Ila hii yangu ina kufuli. Simu ambayo sijaiandikisha mimi haiingii."

Alipoitwa leo, alifika haraka, na pikipiki mpya na koti la ngozi, jua lote lile.

"Dada, mbona umekonda? Hawa wanakulisha karatasi?"

"Kaonyeshe kazi yako, mdogo wangu. Nafukuzwa. Wanasema nauza siri za simu."

Waya akaacha kutafuna ubani. "Nani? Wewe?"

"Mimi."

Akamtazama dada yake, kisha akatazama sakafu. "Haya. Ngoja niingie kwenye kompyuta kidogo, nicheki."

"Hugusi kitu," bosi akasema. "Tunaujaribu hivyo hivyo ulivyo. Ingia ofisini kwangu, mikono juu ya meza niione. Nyinyi ni ndugu, mimi si mjinga."

Waya akapeleka mkono mfukoni mwa koti. Bosi alikuwa anamwangalia. Akautoa mtupu.

"Humu joto," akasema, akavua koti. "Dada, nishikie. Usiliweke kwenye kiti, lishike mwenyewe."

Akalipokea, akalikunja, akaliweka mapajani, kama alivyokuwa anamshikia shati akienda kucheza mpira. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Aliiona simu ya mezani, na ya mkononi pembeni yake, na vidole vya Waya vimetulia juu ya meza kama vya mwanafunzi anayesubiri fimbo.

"Piga namba yangu," bosi akamwambia dada.

Akapiga. Ya mezani ikaita. Ya mkononi ikaita. Bosi akainamisha kichwa, akasikiliza chumba kizima mpaka kwenye kabati. Hakuna kingine kilicholia. Dada aliiacha iite muda mrefu, hata bosi akapunga mkono: inatosha.

"Umeona, bosi?" Waya akasema. "Namba moja, simu mbili. Mfumo ni safi."

"Una uhakika?"

"Haupitishi hata inzi."

"Kwa hiyo simu haivujishi. Anayevujisha ni mtu."

"Mimi nimeulizwa simu, bosi. Mambo ya watu siyajui."

Bosi akatoka mpaka mapokezi, Waya nyuma yake, macho kwenye viatu.

"Umemsikia mdogo wako," bosi akamwambia dada. "Una la kusema?"

Dada akainua simu, akapiga tena bila kuambiwa. Kule ndani, ya mezani ikaita, ya mkononi ikaita, na mapajani mwake koti likatetemeka, kama lilivyotetemeka mara ya kwanza. Akakata. Likatulia.

Akainuka, akamvika mdogo wake koti, akamfunga zipu mpaka kooni kama asubuhi za shule.

"Sina, bosi," akasema, akageuka, akaondoka kwa miguu yake.