Sitini na Moja

"Sitini na moja," alisoma binti, akaandika kwenye daftari. Asubuhi ya kumi na nne, kilo zilezile.

"Si nilikwambia, Bonge? Mzee ngangari." Baba yake alishuka kwenye mizani taratibu, mkono ukutani.

Jina hilo lilikuja na mizani yenyewe. Siku walipoinunua, binti alipanda kwanza, ikasoma tisini na mbili. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Moyo wa mzee ulikuwa umechoka. Nesi aliwaeleza: apimwe kila asubuhi, na akiongezeka kilo mbili ndani ya wiki, hayo ni maji, si kunenepa, aletwe hospitali mbio. Uzito ukitulia wiki mbili, binti anaweza kurudi kazini, shangazi atamwangalia mzee.

Kazi yenyewe ilikuwa inaponyoka. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, na mkuu wa shule alishampigia simu ya mwisho: Jumatatu, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Alipokata simu alilia pale pale sebuleni, akidhani mzee amelala.

Alichoka kupima maji kwa kikombe, alichoka kuficha chumvi. "Unapikia watoto mia nne," baba alimtania, "mimi unaninywesha maji moto."

Lakini tangu simu ile mzee alitulia kabisa. Aliomba tu boksi lake la ufundi saa, eti saa ya ukutani inamkera. Saa bado ilikuwa imesimama kwenye saa nne. Mito aliongeza, ikawa mitatu, "nione mlango vizuri." Soksi hakuvua hata kwenye joto. Binti alipotaka kuitazama miguu, aling'aka: "Tangu lini binti akakagua miguu ya baba yake?" Akaacha. Nguvu za kubishana angezitoa wapi?

Sasa begi lilikuwa tayari. Kwenye basi hawakutaka lizidi kilo ishirini, kwa hiyo alilibeba akapanda nalo kwenye mizani. Angetoa kilo zake, zinazobaki ni za begi.

Mshale ukapanda mbio hadi sitini na moja, ukasimama.

"Bonge!" baba aliita kutoka chumbani, akihema. "Nenda, mwanangu. Basi litakuacha."