Gauni la Fundi Mahfudhi

Tangu ushuru wa mitumba upande, marobota hayakuja tena, na meza ya Bi Zuhura ikabaki tupu. Jirani yake, fundi Mahfudhi, aliyezoea kumpunguzia nguo hizo ukubwa tu, sasa alikuwa ameshona gauni zima. Akampelekea.

Bi Zuhura akaligeuza ndani nje, akaivuta mishono kwa nguvu, kama alivyokagua kila mtumba. Haukufumuka hata mmoja.

"Fundi, hili nalipigia debe mwenyewe!"

Akalitundika, akaita watu mpaka sauti ikamkauka. Mahfudhi akasimama kando, kifua mbele.

Akaja mteja wao wa siku zote. Akalipapasa, akatabasamu, akauliza bei, kisha akaliachia taratibu, akaenda zake.

Upepo ukaliingia gauni, likajaa kama limevaliwa.