Glavu za Tunu

Ulimwona Tunu wodini akigeuza wagonjwa na kumwaga mikojo, ukatazama pembeni kama kawaida yako. Basi leo mtazame nyumbani kwake, adhuhuri hii.

Mwaka wa tisa huu ni msaidizi wa wauguzi, na kila mwaka anaomba chuo, kila mwaka anaambiwa asubiri. Msaidizi huvikwa glavu nyembamba kama ngozi, zisizovuliwa mpaka ahitimu unesi. Akigusa kazi ya nesi, zinakakamaa.

Mama mkwe wake amelala mkekani, sukari imepanda, anahema. Tunu ananyoosha mkono achukue sindano ya insulini. Vidole vinakauka kama vijiti.

Anamwita jirani yake Mwanakheri, msusi.

"Shoga, miye na sindano wapi na wapi? Si wewe ndiye wa hospitali?"

"Ndiyo maana nimefungwa. Wewe hujafungwa. Vuta dawa mpaka alama ya nane. Finya ngozi ya tumbo. Ingiza, hesabu mpaka kumi, ndipo uchomoe."

"Mikono hii ni ya kusuka, mama, usinilaumu!"

"Choma tu, mwanangu," anasema mama mkwe. "Kichwani uliniumiza zaidi."

Baada ya saa moja anapumua vizuri. Wanacheka wote watatu. Ndipo glavu zinasema kwa upole: "Kuelekeza nako ni kazi ya nesi. Kesho saa mbili asubuhi, fika hospitalini uvishwe glavu ya koo."

Tunu anafumba mdomo.

Wewe bado una sauti. Inuka sasa hivi, nenda kwenye geti la hospitali, ukawazuie wasimvishe.