Karata Iliyotafunwa Kona

Zilibaki karata nne. Zikiisha hizo, Tuulikki ameshinda.

Katika mashindano yale mjini Kuopio, Finland, ambako kila mchezaji huja na seti ya karata aliyojipangia, hakuna mwingine aliyecheza hivyo. Kwa wenzake wote, kuishiwa karata ni kushindwa. Yeye alikuwa na karata moja iliyougeuza mkosi huo kuwa ushindi, na nyingine zote kazi yao ilikuwa kutupwa haraka. Miezi mitatu aliijenga seti hiyo kwenye meza ya jikoni. Aliyeijua ni mumewe peke yake.

Mzee aliyekaa mbele yake alipangusa makombo ya mkate wa iliki vidoleni, akaweka karata mezani.

"Rudisha zote ulizotupa," alisema. "Pole sana, binti."

Tuulikki alishtuka. Karata ile haina faida dhidi ya mchezaji mwingine yeyote. Nani angeibeba?

"Mzee, ulijuaje?"

"Mimi? Sikujua lolote. Nimeiazima asubuhi hii. Nikaambiwa ibebe tu, leo itakufaa."

Tuulikki akaiinamia karata. Ndani ya kifuko cha plastiki kilichoikinga, kona yake ilikuwa imetafunwa, ina alama mbili za meno madogo. Mbwa wao, yeye na mumewe, alipokuwa mchanga aliwahi kulivamia kabati la chumbani. Hiyo ndiyo waliyomnyang'anya mdomoni.

Kwenye meza ya jirani, mumewe alikuwa ameshashinda nusu fainali yake. Alichanganya karata taratibu, kichwa chini.

"Vipi huko, mke wangu?" aliuliza bila kuinua macho. "Tutakutana fainali?"