Nyumbu Aliyetupa Mizizi

Nyumbu alikuwa na kifafa, lakini tangu tabibu Korongo ampe mizizi ya kutafuna kila asubuhi, alikuwa hajaanguka tena. Desturi ya kundi lao ilikuwa kwamba anayetumia dawa huvuka mto wa mwisho, tabibu akiwa ubavuni. Nyumbu aliona haya.

"Ndugu yangu, mgonjwa gani ana shingo nene hivi?" Mamba alimwuliza kutoka majini. "Umeshapona. Itupe hiyo mizizi."

Akaitupa bila kumwuliza Korongo. Siku ya kuvuka alitangulia, kifua mbele. Katikati ya mto miguu ikakakamaa. Alitaka kumwita tabibu, ulimi ukagoma.

Mamba alimpokea taratibu.

"Pole, ndugu yangu. Ile dawa ndiyo iliyokuwa ikikusimamisha. Mimi nilijua."